Albamu ya rap na roki ya 1996 iliyopita Mlandege kwa kanda: mbona haikumbukwi?

#1 Kanda_ya_Mlandege

Salamu jamani.

Nina hoja na nina swali. Hoja yangu: katika rap iliyopigwa juu ya magitaa ya roki, kazi tamu kuliko zote si zile za 1999 na 2000 zilizokuwa zikisikika mpaka kwa vinyozi. Ni albamu ya 1996 ya Kid Rock, Early Mornin' Stoned Pimp (jina silifasiri, baba mkwe wangu yumo humu). Hakuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Aliitoa kwa lebo yake mwenyewe, Top Dog, huko Michigan, miaka miwili kabla ya kutikisa dunia na Devil Without a Cause. Mle ndani mna hip hop ya kikale, ile ya dijei na santuri mbili, mna fanki, mna soul, halafu gitaa linaingia kama mgeni aliyekosea nyumba lakini akakaribishwa chakula.

Ilivyofika Unguja: mtoto wa ami yangu alikuwa akiishi Windsor, Kanada, mji unaotazamana na Detroit ya Michigan, kati yao mto tu. Alikuja Idi ya 1997 na sidii tano kwenye begi. Mie nyumbani sina mashine ya sidii, nina redio kaseti ya milango miwili ambayo mlango mmoja umekufa. Nikaipeleka Mlandege kwa jamaa aliyekuwa akirekodi kanda kwa pesa. Akanitolea yangu, na kama kawaida yao akajibakishia nakala. Wiki ya pili nimepanda gari ya Amani naisikia inapiga. Wazee wametulia na vikapu vyao vya Darajani, na yule bwana anatukana kwa Kiingereza juu ya vichwa vyao.

Swali langu: kwa nini haikutoka? Na kuna mtu mwengine humu aliyekuwa na ile kanda?

#2 Urojo_Mix

Kid Rock yule wa kofia ya kauboi? Yakhe, umelala chini ya muembe jua likakupiga.

#3 Kanda_ya_Mlandege

Huyo huyo, lakini kabla ya kofia. Mwaka 1990 alikuwa na nywele zimekatwa bapa juu kama meza ya kahawa. Katafute jalada la albamu yake ya kwanza ucheke.

#4 mzamiaji_mstaafu

Nimekaa meli miaka kumi na minne, miziki hii naijua. Rap na roki walianza Run-DMC, kundi la rap, na Aerosmith, bendi ya roki, 1984. Wengine wote wamefuata nyuma, huyo wako akiwemo.

#5 Maalim_Redio

Mzamiaji, umechanganya miaka. 1984 ni Rock Box, ya Run-DMC peke yao, na gitaa lake kalipiga Eddie Martinez. Ile ya Aerosmith ni 1986, na aliyewakutanisha ni mtayarishaji wao, Rick Rubin. Mwaka huo huo Beastie Boys wakatoa Licensed to Ill, na 1987 ikawa albamu ya kwanza ya rap kushika nambari moja katika chati ya albamu ya Billboard. Mle ndani kuna wimbo ambao gitaa lake kalipiga Kerry King wa Slayer, bendi ya metali kabisa.

Na kabla ya hao wote, Blondie, bendi ya roki na mwimbaji wao mwanamke, walighani kidogo katika wimbo wao Rapture na ikashika nambari moja Marekani 1981.

Kwa hiyo, Kanda, 1996 si mwanzo wa kitu. Rage Against the Machine walishatoa albamu yao ya kwanza 1992. 1993 ikatoka ile santuri ya filamu ya Judgment Night, kila wimbo bendi ya roki na kundi la rap pamoja. Kama yako imepuuzwa, huenda ni kwa sababu ilifika sahani zimeshaoshwa.

#6 Kanda_ya_Mlandege

Asante Maalim, nimesoma. Ila sikusema ya mwanzo, nimesema tamu.

Wengi katika hao uliowataja wanachukua gitaa zito wanalitia mtu wa kughani juu yake. Wakipiga kelele unajua huu ni mzigo wa roki. Hii ya 1996 inakwenda kwa mdundo. Besi ndiyo inayoendesha, gitaa linakuja kuuliza kunani. Ukiisikiliza bila ya kujua mwaka utadhani mtu kakaa na santuri za kina kaka zake za miaka ya 70, kisha katoka nje kughani.

#7 Bei_ya_Karafuu

Jibu la swali lako liko katika maneno yako mwenyewe: lebo yake mwenyewe. Karafuu yako hata ikiwa nzuri vipi, kama huna wa kuifikisha mizanini itakufia jamvini. Lebo ya mtu mmoja haina mtu wa kumpigia simu mtangazaji wa mji wa pili. Marekani ni kubwa, mtu akijulikana Detroit ni sawa na mtu wa Konde kujulikana Konde.

#8 FundiKaseti

Sikubali, #7. Lebo za mtu mmoja zimetoa watu wengi. Tatizo lake lilianza zamani. Albamu ya kwanza, 1990, ilitoka Jive, kampuni yenye nguvu, na wakamwacha. Ya pili 1993 ilitoka Continuum, kampuni ndogo, na huko nako hakudumu. Ikifika 1996 mwenye duka la muziki anaiangalia sura anasema huyu si yule? Ni kama mchumba aliyerudishwa kwao mara mbili. Hata akiwa mzuri vipi, watu wanauliza kuna nini.

#9 Bint_Kikwajuni

FundiKaseti, mifano mengine hakuna mpaka utuguse wanawake?

Tukirudi kwenye mada, mie nawashangaa nyote. Albamu haikupotea, ilifanya kazi yake. Ile ndiyo iliyokuwa mkononi mwake alipokwenda kwa wakubwa, na 1998 akatoka chini ya Lava na Atlantic, Devil Without a Cause ikauza mpaka ikapata almasi, yaani zaidi ya nakala milioni 10 Marekani peke yake. Halafu 2000 ikatoka The History of Rock, na mle ndani alizirudia na kuzitengeneza upya nyimbo za zile albamu zake za kujitegemea. Kwa hiyo watu wengi mmezisikia nyimbo za 1996 mkadhani ni za 2000.

Mnaweka tanga na maiti yuko harusini anakula pilau.

#10 Kanda_ya_Mlandege

Hapo kwenye 2000 umenikamata, sikulifikiria. Lakini huoni kwamba hiyo nayo ni sababu ya kusahauliwa? Mtu akipaka rangi nyumba yake ya zamani akaweka na dirisha la alumini, nani atakumbuka ile ya mwanzo?

#11 Urojo_Mix

Mbona hamsemi kwamba leo huyo mtu wenu ni wa kumshangilia Trump majukwaani? Labda watu wamesahau kwa makusudi.

#12 Msimamizi

Siasa zina jukwaa lake, za huku na za huko. Tuendelee na kanda.

#13 Pweza_wa_Wete

Sisi Pemba kanda hiyo tuliipata. Ilikuja na boti, kama kila kitu. Kaka yangu alikuwa akisoma Unguja, akarudi nayo, upande mmoja hiyo na upande wa pili mawaidha. Mama akawa anaiweka mawaidha, ikifika mwisho redio inajigeuza yenyewe. Unayajua yaliyofuata.

#14 Kanda_ya_Mlandege

Hahaha. Mama alisema nini?

#15 Pweza_wa_Wete

Alisema huyu shekhe wa pili ana hasira sana.

#16 sanduku_na_fidla

Niingie kidogo, mie si mtu wa rap.

Mnabishana nani kaanza kuchukua wimbo wa mtu akaukata akaweka kipande chake kitamu peke yake watu wacheze. Katika kidumbaki, ngoma yetu ya harusi, sisi tunafanya hivyo tangu sijazaliwa. Unachukua taarab, nyimbo iliyopigwa na watu arubaini wamevaa suti, unaitoa utangulizi wote, unaanza pale ambapo watu wanainuka. Nyimbo ikichoka unaunganisha na nyengine bila ya kusimama. Vyombo: vidumbaki viwili (ngoma ndogo), cherewa (manyanga), mkwasa (vijiti vya kugonga), fidla, na besi ni sanduku lenye kijiti na kamba. Hakuna umeme, hakuna kampuni, hakuna lebo. Malipo unapewa harusini mkononi.

Na mwimbaji wa kidumbaki naye anatia maneno yake, anamsema aliyekaa vibaya, anamsema bwana harusi. Sasa nambieni hiyo si hip hop ya kikale ni nini?

#17 Maalim_Redio

Sanduku, umesema kitu. Walivyofanya Bronx, New York, 1973 kwa santuri mbili, kurudia kipande cha ngoma peke yake ili watu wacheze, kimantiki ni hicho hicho. Ila tusiseme wao wametoa kwetu. Watu wawili wanaweza kuona njaa siku moja bila ya kuambiana.

#18 Urojo_Mix

Bado mtu mmoja hajasema Freddie Mercury. Uzi wowote wa roki wa Zanzibar ukifika posti ya ishirini lazima atajwe. Nasubiri.

#19 mzamiaji_mstaafu

Freddie Mercury.

#20 Urojo_Mix

Nilijua.

#21 mzamiaji_mstaafu

Acheni kucheka, nina hoja. Huyu alizaliwa hapa hapa Unguja, 1946, Farrokh Bulsara, na familia yao ikaondoka 1964. Queen, bendi yake, walipotoa Another One Bites the Dust, 1980, madijei weusi wa New York waliipiga kama yao. Grandmaster Flash akaitia katika ile santuri yake ya 1981 ya kuchanganya nyimbo kwa mikono. Kwa hiyo sauti ya mzaliwa wa Mji Mkongwe imo katika msingi wa hip hop. Rap na roki ni yetu!

#22 Maalim_Redio

Mzamiaji, safari hii miaka umeipatia, hongera. Lakini ile besi haikutungwa na Freddie. Wimbo ule ni wa John Deacon, mpiga besi wao, naye aliuvuta kutoka Good Times ya 1979 ya Chic, kundi la disko. Na Good Times ndiyo hiyo hiyo iliyobeba Rapper's Delight, rap ya Sugarhill Gang. Katika santuri ya Flash zote zimo: Chic, Queen, na Blondie niliowataja #5. Kwa hiyo uzi umezunguka umerudi pale pale.

Ila kuna kamba nyengine ambayo inatuhusu zaidi, na sijui kwa nini hakuna anayeisema. Under Pressure, Queen na David Bowie, 1981. Besi ile, na aliyeipiga ni Deacon tena, ikachukuliwa na mghani wa Marekani, Vanilla Ice, 1990 akafanya Ice Ice Baby. Na 1991 Saleh Jabir akaishika Ice Ice Baby akaitia Kiswahili, katika kanda yake ya rap ya Kiswahili, wakati vijana wengi wa Tanzania bado wanaghani Kiingereza cha kuokoteza. Ukiifuata ile kamba nyuma, rap ya Kiswahili ilianza juu ya besi ya bendi ya roki ambayo mwimbaji wake kazaliwa Unguja.

#23 Bint_Kikwajuni

Maalim, nimesimama kufua kusoma hiyo. Nywele zimenisimama.

#24 Bei_ya_Karafuu

Kamba imekatika mahali pawili. Besi si ya Freddie, umesema mwenyewe. Na Saleh hakuifuata Queen, alimfuata Vanilla Ice, kwa sababu ndiye aliyekuwa akipigwa kila mahali wakati ule. Hiyo ni sadfa iliyovaa kanzu.

#25 Maalim_Redio

Sikusema ni ukoo, nimesema ni kamba. Hata hivyo nakubali kanzu.

#26 Urojo_Mix

Halafu mbona tukisema Freddie wa kwetu tunasahau kwamba angebaki hapa angeambiwa akate nywele?

#27 FundiKaseti

Turudi kwenye kanda, Freddie ana nyuzi zake tatu humu.

Nimewaza kuhusu Kanda_ya_Mlandege na swali lake. Kwa upande wa huku kwetu kuna sababu ya kifundi. Kanda ikirekodiwa kutoka sidii, mara ya kwanza ni safi. Yule wa Mlandege akibakisha nakala, anayekuja nyuma anarekodiwa kanda kutoka kanda. Ikifika nakala ya nne, gitaa la roki limekuwa mvua kwenye bati. Sauti ya mtu unaisikia, ngoma unaisikia, gitaa limekwisha. Rap inastahimili kunakiliwa, roki haistahimili. Kwa hiyo waliosikia ile albamu garini hawakusikia rap na roki, walisikia rap na kelele.

#28 Kanda_ya_Mlandege

Hili sijalisikia kwa mtu yeyote na naona ni kweli. Yangu ilikuwa nakala ya kwanza. Ndiyo maana mie nalia peke yangu.

#29 Pweza_wa_Wete

Na ya kwetu ilivuka bahari, ikapata chumvi.

#30 Kanda_ya_Mlandege

Mara ya mwisho niliisikiliza wakati wa kile kiza kikubwa, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu Unguja hakuna umeme. Simu zimekufa, kompyuta imekufa, nikakumbuka redio ya betri kabatini. Betri nne kubwa. Nikawa naweka upande mmoja kwa usiku ili betri zisishe. Majirani wanakuja kukaa barazani si kwa kupenda, hakuna kitu chengine cha kusikia mtaa mzima. Mwezi wa Februari kuna mzee alikuwa anajua pa kuitikia.

#31 Pweza_wa_Wete

Kiza kile sisi tulikuwa na majenereta yetu ya Wesha, tunawapigia simu kuwauliza mnaonaje. Ilikuwa raha isiyo kifani. Waunguja walivyozoea kutuita washamba!

#32 Urojo_Mix

Mmelisubiri tangu lini kulisema hilo?

#33 Pweza_wa_Wete

Tangu Machi 2010.

#34 Gitaa_la_Azima

Nasoma kimya kimya tangu #1, sasa nimeshindwa.

Mnauliza kwa nini albamu ya mtu wa Michigan haikutoka. Ya kwetu je? Sisi tulikuwa watu wanne, wawili Jang'ombe, mmoja Mwembeladu, mmoja Kisiwandui. Tulirekodi rap na roki hapa hapa Unguja 2003, Kiswahili, nyimbo sita. Hakuna anayejua kwa sababu hakuna aliyesikia.

Gitaa hatukuwa nalo. Tuliazima kwa mzee mmoja wa taarab, gitaa zuri jekundu, kwa sharti lirudi kabla ya Alkhamisi kwa sababu ana harusi. Hatukuwa na ngoma za kizungu, basi ngoma tukazipiga kwenye kinanda cha Casio cha skuli, kile chenye mdundo wa roki namba 12 na wa samba namba 13. Ukibonyeza vibaya katikati ya wimbo mnahamia Brazil. Wimbo wa nne umehamia Brazil na tukauacha, hela ya studio imekwisha. Jumatano usiku waya wa gitaa ukakatika. Ule mwembamba. Waya wa gitaa Unguja wakati ule hauokoti njiani, tukafunga waya wa breki ya baiskeli tuliouchambua. Mzee akapiga harusi na waya wa baiskeli, hakutwambia kitu mpaka leo, na mie kila nikimuona naangalia chini.

Tukatoa kanda arubaini. Majalada tulichora kwa mkono. Tuliuza kumi na moja, tatu katika hizo kwa mama zetu. Zilizobaki zikakaa sandukuni kwetu, na harusi ya dada yangu ilipofika, mpigapicha akasema hana kanda tupu za kurekodia taarab ya usiku. Mama akamwambia zimo tele mle ndani.

#35 Kanda_ya_Mlandege

Usiniambie.

#36 Gitaa_la_Azima

Zote. Si zinarekodika? Tulikuwa hatujavunja vile vijino vya plastiki nyuma ya kanda. Ungevivunja, redio haibonyezi rekodi. Mpaka leo nikiota, naota navunja vile vijino.

Kanda zile akapewa kila aliyetoa mchango wa harusi. Kwa hiyo albamu yetu ilisambaa kuliko tulivyoota, ila juu yake kuna taarab.

#37 Bint_Kikwajuni

Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Jamani Gitaa.

#38 sanduku_na_fidla

Mie ule waya wa baiskeli umeniuma. Mzee wa watu.

#39 Bei_ya_Karafuu

Hapa nafuta maneno yangu ya #7. Usambazaji mlikuwa nao.

#40 FundiKaseti

Gitaa, zilikuwa kanda za dakika ngapi?

#41 Gitaa_la_Azima

Tisini. Zile za sitini zilikuwa zimekwisha dukani.

#42 FundiKaseti

Nyimbo zenu sita zilichukua dakika ngapi?

#43 Gitaa_la_Azima

Kama ishirini na tano. Tulizirudia upande huo huo mara ya pili kujaza, isionekane tupu. Na upande wa B vile vile.

#44 FundiKaseti

Basi sikiliza. Kanda ya tisini kila upande ni dakika arubaini na tano. Anayerekodi harusi, nyimbo ikimalizika anazima, hasubiri kanda ifike mwisho. Kama kazima dakika ya thelathini na nane, zile saba za mwisho bado ni zenu. Taarab inafuta pale ilipopita tu.

#45 Gitaa_la_Azima

Miaka yote hii sijawahi kuliwaza hilo.

#46 Urojo_Mix

Kwa hiyo kuna nyumba Jang'ombe bibi anasikiliza taarab, ikiisha anatokea Gitaa na wenzake wanapiga makelele?

#47 Pweza_wa_Wete

Kama mawaidha yetu. Shekhe wa pili.

#48 Dada_wa_Fuoni

Assalaam alaykum. Mie mgeni humu, nimejiunga sasa hivi kwa ajili ya uzi huu, shoga yangu kanitumia linki.

Marehemu bibi yangu alikuwa na kanda ya harusi ambayo alikuwa akiizima upesi kabla ya kwisha. Sisi watoto tulikuwa tunamuomba aiache. Mwisho wa nyimbo, watu wakipiga vigelegele, inakata, halafu vijana wanaimba kwa haraka na kitu kama gitaa lakini baya, linakwaruza. Bibi alikuwa akisema hao ni majini wa studio. Kanda ninayo.

#49 Gitaa_la_Azima

Waalaykum salaam dada. Wanasema nini hao vijana? Neno lolote unalolikumbuka.

#50 Dada_wa_Fuoni

Nakumbuka "Kikwajuni" na kitu kuhusu bei ya unga. Mengine hayashikiki.

#51 Gitaa_la_Azima

Bei ya unga ni sisi, wimbo wa pili. Lakini Kikwajuni hatukuitaja popote, hatukuwa na mtu wa Kikwajuni.

#52 Bint_Kikwajuni

Kikwajuni kulikuwa na vijana wakijaribu mambo hayo hayo, na wao wakilia bei ya unga. Nani alikuwa halii bei ya unga?

#53 Maalim_Redio

Au ni wale wale na dada kakumbuka vibaya. Au ni kanda ya tatu ambayo sote hatuijui. Dada, nyimbo ya harusi inayokuja kabla yake ni ipi? Na bibi alialikwa harusi ya nani?

#54 Dada_wa_Fuoni

Bibi alikuwa akialikwa kila harusi Unguja hii. Jalada lina maua yamechorwa kwa kalamu ya wino wa buluu.

#55 Gitaa_la_Azima

Sisi tulichora magitaa. Lakini mmoja wetu hakujua kuchora, magitaa yake yalikuwa kama maua.

#56 Urojo_Mix

Mungu wangu.

#57 Dada_wa_Fuoni

Nina redio ya zamani hapa, nijaribu kuiweka sasa hivi?

#58 FundiKaseti

USIIWEKE. Kanda ya miaka hiyo, kale kasponji kadogo kanakobana utepe kwenye kichwa huenda kameshabanduka, na roli za redio yako zikiwa na ulimbo zitautafuna. Ifungue jalada tu, utazame upande ulio wazi, uone kama kasponji kapo. Usiizungushe kwa kalamu. Mie nina mashine nzima na naweza kurekebisha kichwa kifuate kanda yako, kuna skurubu ndogo pembeni, ndipo gitaa linaporudi kutoka kwenye ile mvua niliyoisema #27. Upo Fuoni wapi?

#59 Msimamizi

Anuani kwenye ujumbe wa faragha tafadhali.

#60 Kanda_ya_Mlandege

Nami nakuja. Nitaleta ya 1996, nakala ya kwanza, tuiweke baada yake.

#61 Bint_Kikwajuni

Siku hiyo na mie nipo, kama ni Kikwajuni nitawatambua kwa sauti. Mmoja wao kama ndiye namdai.

#62 Dada_wa_Fuoni

Nimeitazama. Kasponji kapo, kamelala upande. Na kile kijino cha kushoto kimevunjwa.

#63 Gitaa_la_Azima

Kimevunjwa?

#64 Dada_wa_Fuoni

Cha kushoto. Cha kulia kipo.

#65 FundiKaseti

Jumamosi baada ya Alasiri. Msiiguse.